Bi Nguchiro na Mchezo wa Kufumba Macho

Hapo zamani, wanangu, zamani zile wanyama walipokuwa na maofisi yao na wenye digrii wakisota nje ya maofisi hayo, paliondokea Bi Nguchiro, mjane, mdogo wa umbo, mwepesi kama cheche.

Binti yake, Mwanasiti, alihitimu chuo cha kuchimba mashimo, tena wa kwanza darasani! Fisi na Kifaru, mabosi wa shamba kubwa, wakamchukua.

"Kwanza upate eksipiriensi," wakamwambia. "Mshahara baadaye."

Baadaye! Lo! Mvua zikaja, zikaenda, binti anachimba tu. Likizo hakuna, na getini amelala Kifaru, tumbo limeziba njia.

Nyumbani, mama yake bado alipika uji wa watu wawili. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye bakuli la bluu la Mwanasiti. Uji ukapoa, ukaota ngozi. Akilala, aliacha nafasi upande wa ukuta.

Siku moja uji ukagoma kupita kooni. Akajifunga kanga, tiki-tiki-tiki, mpaka getini, jua la utosi.

"Hodi! Nimemfuata mwanangu."

"Hakuna ruhusa hapa, bibi," Fisi akajibu, akapiga mwayo. Haaaawu!

"Mbona mmechoka hivyo, wanangu?"

"Mabosi hawachoki!" Kifaru akafoka, kope zinamwanguka. "Mimi sina usingizi hata chembe."

Bi Nguchiro akatega sikio. Maneno hayo! Mwanasiti alipokuwa mdogo alikuwa akiapa hivyo hivyo kila mchana, kijiko kimo mdomoni, kumbe kashalala.

"Basi tucheze," akasema. "Mnafumba macho. Wa kwanza kufumbua ameshindwa. Lakini tuache tu, ninyi hamuwezi."

"Nani hawezi?" Fisi akaruka. "Labda huyu mnene!"

"Weee! Mnene mama yako! Haya, sogea huku tufumbe tuone!"

Wakajilaza kando ya geti, macho fumbu. Bi Nguchiro akawapigapiga mgongoni, pa, pa, pa, akiimba chinichini: "Lala mwana, lala, mama yupo, lala..."

Krrroo! Krrroo! Mabosi haoo!

Akapita mbio hadi shimoni. "Mwanasiti!"

Kule chini binti amekaa, sepetu mapajani, macho ameyafumba kabisa.

"We mtoto, amka twende!"

"Siwezi, mama." Machozi yakampenya kwenye kope. "Nimesikia wimbo wako. Utotoni ulikuwa ukiuimba nilale, nikifumbua macho nakuta umeshakwenda kututafutia chakula. Nikifumbua sasa, utakuwa umekwenda tena."

Kumbe mtoto alikuwa akijua anaachwa usingizini, miaka yote ile! Bi Nguchiro akateremka, akamshika mkono wenye malengelenge.

"Fumbua, mwanangu. Leo siendi bila wewe."

Mwanasiti akafumbua jicho moja. Kisha la pili. Mama yupo.

Fyuuu! Wakatoka getini kama upepo.

Jua lilipopoa, Fisi na Kifaru wakashtuka.

"Umefumbua kwanza wewe!"

"Mwongo! Ni wewe!"

Puu! Paa! Wakatwangana hadi vumbi likawafunika, wasijue hata kama shimo ni tupu.

Nyumbani uji ulikuwa umeganda. Mwanasiti akaunywa pamoja na ngozi yake, bakuli akaliramba, akajilaza upande wa ukuta. Mama yake hakuimba. Alikaa tu, akamtazama.

Hadithi yangu imefika mlangoni, nayo inasema: mkubwa anayetisha dunia nzima, mbele ya mama aliyelea, ni mtoto tu aliyecheleweshwa kulazwa.