Mkono Juu ya Shimo la Udongo

“Aogopaye kila mkono hubaki shimoni.” Mmemsikia shangazi yenu akimwambia jirani maneno hayo, nanyi mnataka kujua ni nani aliyeyasema kwanza. Basi tulieni. Msemo huu ulizaliwa huku huku kwetu Upareni, tena kutokana na msiba, na ulizaliwa hivi.

Palikuwa na mfinyanzi mmoja, mjane, jina lake Nakijwa. Mumewe alipokufa, shemeji zake walingoja matanga yaishe, wakaja wakachukua ng’ombe, shamba la migomba na nyumba yenyewe. Kikao cha wazee kilipoitwa, Nakijwa alisimama akaeleza, kisha akawatazama majirani waliojua ukweli wote. Hakuna aliyefumbua kinywa. Akambeba binti yake mchanga, Naetwe, akaenda kujenga kibanda pembezoni mwa kijiji.

Tangu hapo moyo wake ukajifunga. Ukimsalimu, anakujibu, “Unataka nini?” Ukimpelekea ndizi, anazirudisha. Aliwahi kuugua, mwanamke mmoja akamletea uji. Nakijwa akaumwaga pale pale mlangoni, yule mwanamke akitazama.

“Binadamu,” alikuwa akimwambia Naetwe, “anakupa kwa mkono huu ili akunyang’anye kwa ule.”

Binti akakua hana shoga hata mmoja. Waliokuja kumposa walirudishwa njiani. Mwishowe majirani nao wakachoka, wakawa wanapita mbali.

Mwaka mmoja mvua za vuli zilinyesha kupita kiasi. Zilipotulia kidogo, mama na binti walikwenda kuchimba udongo wa kufinyangia. Shimo lao lilikuwa refu, nalo lilikuwa limeingia chini ya mlima kama pango. Wakiwa ndani, ukingo uliolowa ukaporomoka. Nakijwa alijikuta amefukiwa hadi magotini, Naetwe hadi kiunoni. Wakapiga mayowe.

Aliyesikia ni Senkondo, aliyekuwa akikata majani ya mbuzi karibu na hapo. Alikuwa mmoja wa wale walionyamaza kikaoni. Alilala kifudifudi, akateremsha kamba aliyofungia majani. Naetwe akaidaka.

“Shika kwa mikono miwili, mwanangu. Nakuvuta.”

“Iachie!” mama yake akapiga ukelele. “Huyo ni Senkondo! Atakufikisha katikati akuachie, kisha aseme umeteleza.”

“Mama, udongo unashuka!”

“Nimekwambia iachie. Watakuja wengine.”

“Nakijwa,” Senkondo akaita, “hakuna wengine. Niko peke yangu.”

Naetwe alimtazama mama yake. Tangu azaliwe hakuwa amefundishwa kumwamini mtu mwingine. Akaiachia kamba.

Ukingo ukaporomoka tena, safari hii upande wake, ukamfunika. Hakuwahi hata kulia.

Senkondo alifunga kamba kwenye kisiki, akateremka mwenyewe. Alifukua kwa mikono mitupu pale binti alipokuwa, mawe yakimpiga mgongoni, mpaka kucha zikang’oka. Hakumfikia. Udongo ulipoanza kumwagika upya, alimgeukia Nakijwa, akamwondolea tope miguuni, akamnyooshea mkono uliokuwa ukitoka damu.

“Uliniona nikidhulumiwa, ukanyamaza,” Nakijwa akasema.

“Nilinyamaza. Niliwaogopa shemeji zako, na aibu hiyo nitazikwa nayo. Lakini sasa niko hapa. Nipe mkono, dada yangu.”

Nakijwa aliutazama ule mkono. Hapakuwa na kitu chochote cha kumhakikishia kwamba hautamwachia. Akaushika. Senkondo akamtoa.

Kijiji kizima kilikuja kuchimba, wakampata Naetwe jua likizama. Wanawake waliokuwa wakifukuzwa mlangoni ndio waliomwosha. Nakijwa alikaa akisubiri walau mmoja wao amwambie neno la kumchoma. Hawakumwambia. Walimshika tu, naye akawaacha wamshike.

Siku ya tatu ya msiba, ndugu mmoja alimnong’oneza, “Usidanganyike na umati huu. Nusu yao wamefuata chakula.”

Nakijwa akainua uso. “Huenda ni kweli,” akasema, na watu wakageuka kumsikiliza. “Wako waliofuata chakula, na wako waliokuja kulia na mimi. Mimi niliwafanya wote kuwa wezi, na mwanangu ndiye aliyekufa. Aliishika kamba, nikamwambia aiachie.”

Hakuwahi kupona jeraha lile. Aliishi miaka mingi baadaye, mlango wake wazi. Wako waliomdanganya, tena si wachache, na kila mara watu walimuuliza kwa nini bado anakaribisha kila anayebisha hodi. Naye hakuwa na hotuba. Aliwajibu kwa sauti ya mtu anayejua uzito wa udongo: “Aogopaye kila mkono hubaki shimoni.”