Swali la Ndama

Ukipewa maziwa, uliza ndama ni wa nani. Nilisema hivyo Jumapili, kijana wetu Mbazi alipotuonyesha barua yake ya ufadhili wa masomo, nanyi mkacheka, mkauliza neno hilo nimelitoa wapi. Sikuweza kujibu mbele ya watu. Nimeandika ili nisisahau, nanyi mtasoma. Neno hili ni la kaka yangu Kilave, na lilizaliwa mezani kwake.

Huku kwetu Upare, mwenye ng'ombe wengi humwekesha jirani, yaani humpa ng'ombe mmoja amtunzie. Jirani humkatia majani, hunywa maziwa, hupata na samadi. Habari ya ndama, watakuwa wa nani, hukubaliwa tangu siku ya kwanza. Kaka alipokuwa kijana aliwekeshwa ng'ombe, akamtunza miaka saba bila kuuliza. Ndama watatu wakakua mikononi mwake. Asubuhi moja mwenye ng'ombe akaja na kamba nne, akawachukua wote.

Uzeeni kaka alipatwa na kiharusi. Mguu ulipona kidogo, ulimi haukupona. Alijua anachotaka kusema, lakini neno moja lilitoka na jingine likakwama, nasi tukawa watu wa kubahatisha. Akitaka maji, tulimletea koti. Ndipo binti yake Namsifu, aliyekuwa mwalimu, akaamua kusomea shahada ya pili ya tiba ya usemi, kazi ya kuwafundisha watu kama baba yake kusema tena.

"Shangazi, nataka nimsikie Baba kabla hajaondoka," aliniambia.

Barua mbili zikaja. Chuo cha kwanza kilikuwa karibu, angerudi nyumbani kila mwisho wa wiki. Lakini ada ilikuwa juu yetu. Tungeuza shamba la tangawizi, na bado mwaka wa pili haukuwa na fedha. Chuo cha pili kilikuwa mbali sana, ila shirika moja lingelipa ada, malazi, vitabu, hata nauli. Tuliketi mezani kwa kaka, mimi, Namsifu na mdogo wetu Mbonea, tukachanganyikiwa. Kila tulipojumlisha, jibu lilikuwa jingine.

"Mnahesabu nini?" Mbonea akasema. "Cha bure hakina hesabu. Ukikataa wewe, mwanangu, nipe hiyo barua niende mimi na darasa langu la saba."

"Kuna ukurasa wa nne, ule wa mwisho, Baba mdogo. Nikimaliza, nitafanya kazi watakakonipeleka, miaka minne."

"Kazi! Wenzako wanaitafuta kwa tochi, wewe unaiogopa?"

Kaka akanyoosha mkono wa kushoto akauweka juu ya ile barua. "Ndama," akasema.

Tukatazamana.

"Ndama gani, kaka?" nikauliza.

"Maziwa... ndiyo. Ndama... wa nani?"

"Zizi ni tupu, kaka," Mbonea akamwambia kwa upole. "Ng'ombe tuliuza ulipolazwa."

Kaka akapiga meza. "Wa nani?"

Nikadhani ana njaa. Nikamletea kikombe cha maziwa. Akakisukuma, maziwa yakamwagika juu ya barua. Namsifu akaipangusa kwa kanga, akaianika dirishani, na ilipokauka akatia sahihi.

Alisoma miaka miwili, akafaulu. Shirika likampeleka hospitali ya mbali kuliko hata chuo. Aliomba ahamishiwe karibu na baba yake. Akajibiwa kwamba anaweza kuondoka, akisharudisha gharama zote. Wakati mwingine alinipigia simu: "Shangazi, leo mzee mmoja ametamka jina la bintiye." Nilimwambia hongera. Nikikata simu nilikaa tu, sijui kama nimefurahi.

Mwaka wa tatu wa kazi alipata likizo ya siku kumi. Alikaa na baba yake asubuhi na jioni, wakitazama picha, akimsubiri bila kumkatiza. Sisi hatukuwahi kumsubiri hivyo. Siku ya tisa kaka akanyanyua kidole, akamwelekezea binti yake kifuani.

"Maziwa... umekunywa," akasema polepole. "Ndama... wewe. Miaka yako. Ya nani?"

Namsifu akakishika kile kidole. "Ndiyo swali la siku ile, Baba?"

Kaka akaitikia kwa kichwa, akacheka, machozi yakimtoka. Mbonea alitoka nje, akasimama kwenye lile zizi tupu.

Siku ya kumi Namsifu alirudi kazini. Kaka tulimzika masika yaliyofuata, ukiwa umebaki mwaka mmoja wa ule mkataba.

Watu huniuliza kama tulikosea. Sijui. Tungeuza shamba, labda asingemaliza, na wale wazee wa mbali wangebaki mabubu. Nikiligeuza jambo hili upande huu linaniuma, nikiligeuza upande ule linaniuma pia. Ninachojua ni kwamba mtu mmoja tu mezani aliuliza swali la kuuliza, nasi tukampa kikombe.

Kaka hakusema maziwa yakataliwe. Kwa hiyo, Mbazi, kesho njoo na barua yako. Tutaanza na ukurasa wa mwisho, na atakayekuwa na swali tutamsubiri amalize. Ukipewa maziwa, uliza ndama ni wa nani.