Kapu la Kando ya Mizani

Mtu mmoja alikuwa na mama mzee na mstari mmoja wa chai, na hakuwa na kingine duniani. Jina lake Ambakisye. Mstari wenyewe haukuwa mali yake. Alipewa auchume, na kwa majani aliyoyapeleka mizanini kila jioni, yeye na mama yake walikula.

Shamba lile lilikuwa na desturi. Kabla kapu lake halijapimwa, kila mchumaji alichota konzi moja ya majani akaitia katika kapu kubwa lililokaa kando ya mizani. Walitia wote: mwenye nguvu, mwenye kikohozi, bibi arusi wa juzi. Hata mwenye shamba alitia yake. Na mchumaji akijifungua, akiugua, au akiuguza mtu wake, kapu lile lilipimwa kwa jina lake mpaka arudi. Hakunenepa kwa hilo, lakini jiko lake halikuzimika.

Ambakisye alikuwa mgeni pale, na kifua kama mlango. Konzi yake aliitoa huku amenuna. "Mimi siumwi," alisema, na wenzake wakamcheka: hujafa hujaumbika, bwana! Maskini, alidhani lile ni kapu la sadaka, na kwao mwanamume mzima hali sadaka. Jamani, ujinga wa mwenye afya ni ujinga mzito.

Basi mama yake akaanguka, upande mmoja wa mwili ukapooza. Ambakisye hakumwambia mtu. Maana chai haingoji msiba: ukiuacha mstari, majani yanakomaa na miche inapanda juu na kuwa msitu, na huko alikotoka, mstari ulioachwa alipewa mwingine kesho yake. Asubuhi alimlaza mama karibu na moto, akamwekea maji, akaenda kuchuma. Jioni aliyakuta maji yamejaa vile vile, kwa kuwa mkono wa mama haukuyafikia. Akalia sana. Na kulipokucha akaenda tena.

Mizani ilisimamiwa na mama mtu mzima aitwaye Tusekile. Siku hiyo aliona kapu la Ambakisye limejaa vijiti na majani magumu, akamwuliza ana nini, naye akashindwa kuficha. Mama yule alikasirika hasa. Akamvua kapu mgongoni, akasema: "Mwanangu, ulichotia katika kapu kubwa hukuwapa watu kama sadaka, na utakachokula hutapewa kama sadaka. Nenda kwa mama yako. Mstari wako ni wako."

Mganga wa zahanati akaenda kumwona mgonjwa, akathibitisha, maana kapu lile halikufunguliwa kwa maneno matupu. Ambakisye akakaa nyumbani. Alimnywesha mama uji kwa kijiko, akamgeuza, akamwosha miguu, akasikia habari za baba yake ambazo hakuwahi kuambiwa. Mvua zilipokatika mama alifariki, mkono wake ndani ya mkono wa mwanawe.

Matanga yalipokwisha, alipanda kwenda shambani akitazamia msitu, au mtu mwingine akichuma mahali pake. Loo! Mstari ulikuwa umesawazika kama kitanda kilichotandikwa, machipukizi yamechumwa, majani yake yote yameingia kapu kubwa. Akauliza ni nani aliyeutunza. Hakuna aliyeweza kumjibu, kwa kuwa kila aliyepita alichuma kidogo, na hakuna aliyejihesabia. Ambakisye akavua kofia. Akasimama katikati ya chai, na hofu ikamshika, ile hofu inayompata mtu mbele ya jambo lililo kubwa kuliko yeye.

Basi nijibuni, ninyi mnaonung'unikia konzi moja: mama yule, alipokuwa anakata roho, alishikwa mkono na mtu mmoja, au na shamba zima?