Mzee Kirumbe na Tawi la Mapichi Laini

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma hawajaitika. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, katika kijiji cha milimani ambako ukungu huamka kabla ya watu, aliishi mzee aliyeitwa Kirumbe. Watu walipogombana, walikwenda kwake. Alisikiliza, kisha akatamka neno moja. Neno likitoka, shauri limekwisha.

Kijijini humo ilimea mipichi. Pichi la kwao lilivaa vinyweleo laini, kama shavu la mtoto mchanga. Na desturi ilikuwa hii: malimbuko ya msimu hupelekwa kwa wazee yakiwa na vinyweleo vyake vyote. Pichi lililofutika ni pichi lililoshikwashikwa, na aliyeyashika malimbuko kabla ya wazee alihesabiwa mwizi.

Mwaka mmoja, mama aliyeitwa Bi Namwai alimkabidhi mke wa mwanawe ulinzi wa mpichi wa ukoo. Jina lake Nakijwa, bibi arusi wa juzi tu. Akalinda. Ndege wakija, shuu! Nyani wakija, shuu! Siku ya malimbuko akapeleka kapu. Wazee wakafunua majani. Lo! Mapichi ya juu yalikuwa mekundu, yanang'aa, hayana kinyweleo hata kimoja.

"Mwanangu," akauliza Mzee Kirumbe, "nani ameyafuta haya?"

"Hakuna, babu. Niliyakuta hivyo mtini."

"Uliyakuta hivyo?"

"Niliyakuta hivyo mtini."

Mzee akatabasamu, akawageukia watu. "Jamani, tangu lini tunda likajinyoa ndevu?"

Watu wakacheka, kwa, kwa, kwa! Bi Namwai akacheka kuliko wote. Na kicheko hicho ndicho kilichokuwa hukumu. Hakuna aliyeinuka kwenda kuutazama mti. Nakijwa akafunga mzigo wake, akarudi kwao na jina la mwizi. Watoto wakamfuata njia nzima: "Limejinyoa! Limejinyoa!"

Mvua ikaja, ikaenda. Mpichi ukachanua, ukapukutisha maua. Asubuhi moja Mzee Kirumbe alipita hapo, akainua macho. Mapichi yalikuwa machanga, madogo kama kunazi, mabaki ya maua yangali yamening'inia nchani. Kwenye matawi mengine yote yalikuwa na vinyweleo. Kwenye tawi moja tu yalikuwa laini kama yai. Akalifuata tawi kwa kidole mpaka kwenye shina. Mti ni uleule. Mzizi ni uleule. Mkono wa mtu haujafika.

Akaketi chini.

Bi Namwai akamkuta hapo, akatazama alikotazama mzee, naye akaona. Akanong'ona, "Likate, Mzee. Tumeliona wawili tu."

"Na yule tuliyemfukuza?"

"Ameshazoea kwao."

"Jina la mwizi, Bi Namwai, wewe ungelizoea?"

Bi Namwai akageuka, akaenda zake.

Mzee angeweza kwenda alfajiri, njia ikiwa tupu. Alikwenda siku ya gulio, jua likiwa utosini, kichwa wazi. Fimbo yake ko, ko, ko. Kila aliyekutana naye alimwuliza, "Shikamoo, Mzee. Waenda wapi?" Na kila aliyeuliza alijibiwa, "Marahaba. Naenda kumwomba radhi Nakijwa." Kila alipojibu, sauti ilizidi kuwa ndogo.

Akamkuta Nakijwa uani kwa baba yake, anatwanga. Twu, twu.

"Mwanangu, tawi limezaa vilevile. Ulisema kweli."

"Nilijua, babu. Shikamoo." Twu, twu.

"Nimekuja kukuomba radhi."

Mchi ukasimama. "Babu, ulinihukumu wapi? Hapa uani?"

"La. Mbele ya watu."

"Huku uani watu hawapo."

Mzee akafahamu. Akawakusanya watu wote penye mpichi, akaketi mavumbini, mahali pa mshitakiwa. Nakijwa naye akaja, akasimama mbele yake.

"Nililihukumu tunda kabla sijautazama mti," akasema mzee. "Nilitaka mcheke, mkacheka. Mwizi ni mimi. Nimeiba jina la mtoto wa watu."

Kila mtu alitazama vidole vya miguu yake, kwa kuwa kila mtu alikuwa amecheka.

Bi Namwai akajikaza. "Mwanangu, rudi nyumbani."

"Mwanao anajua kwetu, mama. Naye alicheka. Akinitaka, na aje. Baada ya leo, njia ile mimi siipiti tena."

Mume akaja, macho chini, akajenga huko ukweni. Nakijwa akachukua vijiti vya tawi lile alivyoleta mumewe, akavipandikiza kwenye mipichi ya baba yake. Vikashika. Mapichi yakazaliwa laini, mekundu, matamu, hata vijiji vya mbali vikaja kuomba vijiti.

Naye Mzee Kirumbe alipelekewa matunda hayo kila msimu, kwa heshima zote. Aliyala. Lakini hakuna aliyepata kumwona akiyala huku ameinua uso.

Basi enyi wasikilizaji, mwenye neno zito na alitie mizani kabla halijatoka. Maana kumchekesha mtu ni rahisi, na kumrudishia mwenzako jina lake ni safari ya jua kali. Hadithi yangu imefika hapo, nami hapo ninaiacha.