Kwa Nini Karamu ya Majini Hukatiwa Jora Moja

Acheni kwanza huo mkasi. Tangu asubuhi mnagombana kuhusu mtakachovaa kwenye chakula cha jioni melini, siku ya harusi ya Kabula. Mmoja anataka hariri, mwingine ameshanunua gauni la kung'aa, na wote mnasema sare ni ushamba. Kaeni. Nitawaeleza sare ilikotoka, kama nilivyoelezwa na mama yangu huku akitwanga, maana hakuwa na nafasi ya kukaa. Mkishasikia, mtaamua wenyewe.

Zamani, katika nchi ya ziwa, hakukuwa na sare. Kila mtu alikwenda karamuni na nguo aliyokuwa nayo, na nguo hiyo ndiyo iliyomwonyesha mahali pa kukaa. Waliovaa nguo za rangi zilizoletwa kutoka mbali walikaa mbele. Waliovaa magome ya miti yaliyopondwa mpaka yakalainika walikaa katikati. Waliovaa kaniki, ile nguo nyeusi ya kulimia na kuchotea maji, walikaa nyuma karibu na moshi. Hakuna aliyeona ajabu. Hata watoto walipocheza harusi za udongo walipangana hivyo hivyo.

Mtemi wa nchi hiyo aliitwa Lubala. Hakuwa mtu mkatili. Shida yake ilikuwa aibu mbele ya wageni, na nimeona aibu hiyo ikiharibu watu wengi kuliko pombe. Mwaka mmoja mavuno yalipokuwa mazuri mno, aliunda merikebu ambayo mfano wake haukuwahi kuelea katika maji yale. Juu ilikuwa na sitaha pana ya kulia chakula, imetandikwa mikeka mipya. Chini yake kulikuwa na shimo lenye giza la wapishi, magunia na kuni. Aliwaalika watemi wa nchi jirani waje wazunguke naye visiwani, wakila na kunywa huku wakitazama nchi kavu kwa mbali.

Kwa sababu ya wageni hao alitoa amri. Kaniki isionekane juu. Mtu wa kaniki abaki shimoni, ale akimaliza kupika. Penye ngazi ya kupandia alimweka Malando, mtu mrefu mwenye fimbo, ambaye aliwakagua watu kuanzia miguuni na mara nyingi hakufika usoni.

"Wewe, hiyo ni nguo au kitambaa cha kushikia sufuria?" alimwambia mpishi mmoja. "Rudi chini ukale na sufuria wenzako."

"Malando, mbona jana ulikuja kwangu kuomba ugali, na hukuuliza nimevaa nini?" mpishi akamjibu. Watu wa shimoni wakacheka. Malando hakucheka.

Sasa mke wa mtemi alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na maziwa hayakumtoka. Mtoto huyo, mrithi wa kiti, alinyonyeshwa na mwanamke aitwaye Minza, ambaye naye alikuwa na binti mchanga wa kwake. Minza alikuwa na kaniki moja tu, na ndiyo aliyokuja nayo. Siku ya kwanza ya safari, chakula kikiwa kinapakuliwa na jua likiwa bado juu, mrithi alianza kulia. Minza akamsikia kutoka shimoni, akamfunga binti yake mgongoni, akapanda ngazi. Malando akaweka fimbo mbele yake.

"Mtoto ananililia mimi, kaka," Minza alisema.

"Nasikia. Lakini kaniki haipandi."

"Basi mleteni chini."

"Mrithi hapitishwi chini ya miguu ya watu. Ni mwiko, binti, unajua."

Minza alijua. Alisimama pale kwenye ngazi, na kila mtoto alipolia maziwa yalimchuruzika kifuani yakilowesha ile kaniki. Mwanamke yeyote aliyewahi kunyonyesha anajua maumivu yale. Malando alitazama pembeni.

Ndipo akaja Nyanzala, mama yake mtemi. Alikuwa mwanamke mzee aliyelea watoto tisa, mwenye viganja vigumu kama ubao, na siku hiyo walikuwa wamemvika nguo nyekundu nzito kuliko zote zilizokuwa merikebuni. Alikuwa ameinuka mkekani kutafuta kwa nini mjukuu wake hanyamazi. Akamwona Minza, akaiona fimbo.

"Maziwa yanamwagika, mtoto analia, na ninyi mnajadili kitambaa?"

"Mama, mimi ni mlango tu," Malando alisema. "Aliyetoa neno ni mwanao. Na wageni wanatutazama."

Nyanzala hakubishana. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hutafuta njia fupi. Alishuka na Minza mpaka nyuma ya magunia ya mtama. "Vua," alimwambia. "Chukua hii yangu, jifunike kichwa, kaa nyuma ya pazia la mkeka umnyonyeshe mpaka alale. Huyu wako niachie. Akishiba yule, shuka tubadilishane."

"Bibi, utakaaje na kaniki iliyolowa?"

"Niliwazaa watoto wangu wote ndani ya kaniki. Nenda."

Minza akapanda akiwa amefunikwa nyekundu kichwani mpaka miguuni. Malando aliona nyekundu, akaondoa fimbo, akainama. "Pita, mama," alisema. Kule chini Nyanzala alicheka mpaka akashika mbavu. "Nguo yangu imepita," aliwaambia wapishi, "na mimi nimebaki!" Akambeba binti wa Minza begani, akaanza kuonja mchuzi, akasema chumvi haitoshi.

Juu, mtemi aliwatazama wageni wake wakila. Aliona ile nyekundu imekaa nyuma ya pazia, imempa kila mtu mgongo, na kilio cha mtoto kimekoma. Moyo ukatulia. Akainua kibuyu kuielekea kwa heshima, kama mwana anavyomfanyia mama yake.

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka. Merikebu haikugonga mwamba. Hapakuwa na dhoruba, wala kiboko. Mtumbwi ulikuja ukimleta mke wa mtemi wa kisiwani, aliyechelewa, na habari zikapita mkekani kwamba mwanamke huyo amevaa nguo ndefu hata mkia wake umebebwa na wasichana katika mtumbwi wa pili. Mtu mmoja akainuka kutazama. Kisha wawili. Kisha sitaha nzima ikakimbilia upande mmoja, watemi na wake zao, wenye nguo za rangi na wenye magome, wakisukumana ili waone nguo. Chombo kikalala ubavu. Maji yakaingia shimoni kwanza.

Ndiyo, kwa sababu ya kutazama nguo. Mama yangu alipofika hapo aliacha kutwanga, na mimi nikadhani nimesikia vibaya.

Mtemi aliogelea akafika kwenye mtumbwi wa walinzi, akashika kasia. Ziwa lilikuwa limejaa vichwa, vibuyu na mikeka. Mitumbwi ilikuwa michache. Mbele yake, kwa mbali, aliona nguo nyekundu ikivutwa na kupandishwa kwenye mtumbwi mwingine, na kilio cha mtoto kikasikika. "Mama yangu amepona!" alipaza sauti. "Na mwanangu amepona!" Akawa na nguvu mpya, akaanza kuwaelekeza walinzi. "Nguo za rangi kwanza! Hao ni wageni wetu! Kaniki wasubiri, hao wamezoea maji!"

Walinzi wakafanya alivyosema. Walipita kando ya wapishi wao, wakawanyooshea makasia watu wasiowajua hata majina. Wapo waliomsikia yule mpishi wa ugali akimwita Malando mara kadhaa. Malando, aliyekuwa kwenye mtumbwi huo huo wa mtemi, alikuwa akimvuta mwanamke mwenye shanga.

Mtumbwi wa mtemi ulijaa mpaka maji yakawa yanakaribia ukingo. Hapo mkono mmoja ukatokea majini, ukashika ukingo huo. Ulikuwa umefunikwa na kaniki iliyolowa, na upande mwingine wa kaniki hiyo umegubika kichwa na uso. Mkono wa pili ulikuwa ukisukuma chano, ile sinia ya mti ya kupakulia chakula, na ndani ya chano mlikuwa na mtoto. Mtumbwi ukayumba. Wageni wakapiga kelele.

"Subiri zamu yako!" mtemi alisema.

Mkono haukuachia. Kutoka chini ya ile nguo ikatoka sauti iliyokwaruzwa na maji. Ilimwita, "Lubala."

Katika nchi ile mtu mwenye ruhusa ya kumwita mtemi kwa jina alikuwa mmoja tu, na mtu huyo, kwa hesabu yake, alikuwa ameshaokolewa. Kwa hiyo Lubala alisikia jina lake akaona ametukanwa. Kaniki inaniita kwa jina mbele ya wageni! Akainua kasia, akapiga vidole vile. Vikashika tena. Akapiga mara ya pili, kwa nguvu zaidi. Vikaachia. Lakini ule mkono wa pili, kabla ya kuzama, ulikisukuma chano mbali kwa nguvu zote zilizobaki, kikaelea mpaka kwenye mtumbwi wa nyuma, na mtu akakishika.

Walipofika pwani, mtemi aliruka mchangani akakimbilia nguo nyekundu iliyokuwa imekaa na mtoto mapajani. Alipiga magoti. "Mama," alisema, akafunua kichwa. Akakutana na uso wa mnyonyeshaji.

Hakuelewa. Alitazama nyuma yake, kana kwamba mama yake angekuwa amesimama pale. "Mama yuko wapi?"

"Alibaki chini na mwanangu, mtemi," Minza alisema. "Mlango ulinikataa. Alinipa nguo yake nije kumnyonyesha wako. Yeye amevaa kaniki yangu."

Mtemi alikuwa bado ameshika kasia. Alilitazama. Wale waliokuwa naye mtumbwini walilitazama pia, kisha wakatazama chini. Malando akaketi mchangani. "Nilimwinamia," alikuwa akisema peke yake. "Nilimwinamia Minza, na mama mwenyewe nikampita."

Ziwa lilimleta Nyanzala asubuhi. Walipomgeuza, vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimevimba na kuvunjika. Lubala aliuchukua ule mkono, akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe, akakaa hivyo mpaka jua likawa kali na watu wakaanza kuogopa kumsogelea.

Minza aliletewa binti yake mzima. Aliketi akanyonyesha, mrithi titi moja na binti yake titi la pili, maana watoto hawasubiri msiba uishe. Kisha akaivua ile nyekundu, akajisitiri kwa mkeka, akaipeleka. Wazee walitaka kumvika maiti, wamzike kama mama wa mtemi.

"Nimeileta kwa sababu si yangu," Minza alisema. "Lakini amefia ndani ya kaniki. Mkimvua, mtakuwa mnaficha."

Wazee walitaka kumkemea. Mtemi akasema, "Mwacheni. Amesema kweli." Nyanzala akazikwa na kaniki yake, na siku ya mazishi Lubala mwenyewe akaja amevaa kaniki. Kwa kumfuata, au kwa kumwogopa, nchi nzima ikavaa hivyo. Inasemekana mjumbe kutoka kisiwani alipofika na salamu za pole, alizunguka makaburini kwa muda mrefu akiuliza mtemi ni yupi. Hakuna aliyemwonyesha kwa haraka.

Mwaka uliofuata merikebu iliinuliwa ikatengenezwa, kwa sababu mavuno hayangojei huzuni ya mtu. Watu walipokusanyika kupanda, hawakumkuta Malando na fimbo. Walimkuta mtemi amekaa penye ngazi na jora moja la kitambaa, na Minza ana kisu. Kila aliyekuja alikatiwa kutoka jora hilo: mgeni, mpishi, mpiga ngoma, mke wa mtemi wa kisiwani, Malando. Lubala alikatiwa wa mwisho, na kipande chake kilikuwa kifupi. Mgeni mmoja akanung'unika kwamba sasa mtu hatajulikana ni nani. "Hapo ndipo ninapopataka," mtemi alijibu.

Na tangu siku hiyo watu wa ziwa hawaendi karamu ya majini kila mtu na lake. Hukata jora moja. Desturi hiyo ikapanda nchi kavu, ikaingia harusini, na huko watu wakasahau, wakadhani sare ni ya kupigia picha.

Kwa hiyo msiniulize tena mvae nini melini. Hariri ikunjeni, mtaivaa nchi kavu. Mkono ukitokea majini siku hiyo, Mungu aepushe, nataka yeyote aliye karibu asijue ni wa mama wa nani. Basi atauvuta. Kabula, lete mkasi.