Waya wa Tausi

"Mita huhesabu, haitaji mtu." Mmeisikia kikaoni mkacheka, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Basi kauli hiyo ilizaliwa katika nyumba jirani na yangu, nilipokuwa nikikaa Kihonda, Morogoro.

Ilikuwa nyumba ya kupanga yenye mita moja ya umeme. Wapangaji walichanga, na Shamte, seremala wa chumba cha mbele, ndiye aliyenunua umeme. Masika yale uniti zikaanza kuisha upesi. Leo wamechanga, keshokutwa giza. Watu wakaacha kusalimiana. Ukiwasha pasi, unasikia mlango wa mwenzako ukifunguliwa taratibu.

Macho yote yakaishia kwa Tausi, mjane wa chumba cha nyuma, kwa kuwa yeye peke yake alikuwa na friji. Humo alihifadhi dawa ya sindano ya binti yake mgonjwa wa kisukari.

Jumapili asubuhi wakamwita uani.

"Dada Tausi," Shamte akasema, "friji yako inatumaliza."

"Friji ninayo tangu mwaka jana, na nyote mnajua. Ila jana bomba la bafuni lilinipiga shoti. Tafuteni fundi umeme kwanza."

"Usitupeleke bafuni. Tunazungumzia friji."

Hakuna aliyemtetea. Shamte akaweka ngazi, akakata waya wa chumba kile. Tausi alikuja kwangu na dawa ameifunga kwenye kitambaa, akaomba mke wangu amhifadhie.

Lakini mita haikupunguza mwendo. Tausi yuko gizani, na uniti zinayeyuka vilevile. Wapangaji waliliona hilo, lakini hawakumrudishia waya wake. Wengine wakaanza kumnong'ona mpangaji mwingine.

Mchana mmoja, mvua ikinyesha, Mwanahawa mke wa Shamte aliingia bafuni kuoga, naye ana mimba kubwa. Tukasikia ndoo ikianguka, kisha ukelele uliokatika katikati. Shamte akakimbia. Alimkuta mkewe ameng'ang'ania bomba, mwili umekakamaa, hawezi kuachia. Akanyoosha mkono amvute.

"Usimguse, utanasa na wewe!" Ilikuwa sauti ya Tausi. Alipita mbio hadi barazani, akazima swichi kubwa.

Mwanahawa akaporomoka sakafuni. Shamte alipiga magoti kando yake, akamwita jina, hakuitikiwa. Akamwita tena. Ndipo mke akakohoa.

Hospitali walisema yeye na mtoto wako salama. Fundi umeme alipobomoa ukuta wa bafu, alikuta waya uliochubuka umelala juu ya bomba. Kwa muda wote ule umeme ulikuwa ukivujia ardhini, na wao wakitafuta mwizi.

Fundi alipomaliza kumrudishia Tausi waya wake, Shamte alimfuata mlangoni kwake.

"Dada yangu, nisamehe. Niliiona mita inakimbia, nikajua kuna mtu anatuibia."

"Mita ilihesabu tu, Shamte. Haikutaja mtu. Aliyenitaja ni wewe."

Alimsamehe, lakini mwisho wa mwezi alihama. Alisema hawezi kulala katika nyumba ambayo hakuna aliyesimama upande wake.

Basi wanangu, hasara ikiingia nyumbani mwenu, tafuteni inakovujia kabla ya kumnyooshea mwenzenu kidole. Mita huhesabu, haitaji mtu.