Pilipili ya Mwejumaa

Sogeeni, hadithi iko jikoni. Aliyekula asikilize, na mwenye njaa asikilize zaidi.

Zimwi lilimmeza Riziki mzima mzima, kisha likaketi jikoni kwa dada yake, Mwejumaa. "Nipikie mchuzi nitakaousikia mpaka utosini," likasema. "Ukishindwa, nakumeza na wewe."

Mwejumaa akakoroga pilipili ya kusaga kwenye mchuzi unaochemka. Zimwi likaonja kidogo. "Maji matupu haya." Akaongeza pilipili. Likanywa nusu bakuli. "Mamako hakukufundisha kupika?"

Alimfundisha. Mara mbili hizo Mwejumaa alitaka tu lizoee kula bila woga. Mara ya tatu akapasha mafuta, akaepua ili pilipili isiungue, ndipo akaimwaga humo. Mafuta yakawa mekundu, akayatia mchuzini, nyumba nzima ikakohoa. Tumboni mwa zimwi Riziki akapiga chafya. "Dada, sasa ndiyo unapika."

Zimwi likabugia sufuria nusu kwa mkupuo mmoja. Machozi yakalitoka, likagugumia mtungi wa maji, moto ukazidi.

"Maji yanausambaza, mjomba," akasema Mwejumaa. "Dawa yake ni tui, nami ninalo hapa. Mtoe mdogo wangu."

Likamtapika Riziki, mzima, akipiga chafya. Mwejumaa akalipa tui kama alivyoahidi. Zimwi likanywa, likafuta macho, likachungulia sufuriani.

"Umebaki?" likauliza kwa sauti ndogo.

"Umebaki. Nawa mikono, ukae mkekani na wenzako."

Nami naiepua hadithi hapo, ingali moto.